Sekondari msingi ya kijijini imebaki na watoto 31. Nimlete binti yangu Nairobi?

Swali la msomaji: Mimi ni mkazi wa Pipeline, Embakasi. Binti yangu yuko Gredi ya 7 katika shule ya umma kwetu nyumbani, vilimani Makueni, na anaishi na nyanya yake. Zamani darasa la nane peke yake lilikuwa na watoto 38. Leo sekondari msingi yote ina 31: wanane Gredi ya 7, 12 Gredi ya 8 na 11 Gredi ya 9. KCPE ya 2023, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, shule ilipata wastani wa 271. KJSEA ya 2025, ule mpya wa Gredi ya 9, watoto 14 wakapata wastani wa pointi 33 kwa 72. Kaka yangu aliye nyumbani anasema shule imekwisha, na watoto watatu waliokuwa wakiongoza walihamia akademi ya sokoni wakiwa Gredi ya 8. Kuna fununu pia kwamba shule itaunganishwa na jirani yake. Nimwache huko au nimlete Nairobi?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujatafuta pa kuweka kitanda cha pili pale Pipeline, acha nikuondolee hofu moja, kisha nikupe nyingine ambayo hukuiuliza. Unaogopa kwamba shule imeanguka, na kwa hesabu ulizonitumia jambo hilo halijathibitika. Ambalo hukuuliza ni hili: nani anamfundisha binti yako Hisabati na Sayansi Jumuishi? Uchache wa watoto unauma hapo, na uamuzi wako utoke hapo, si kwenye wastani.

Tuanze na hesabu ya kaka yako. Naona alichukua 271 kwa 500 akapata asilimia 54, akachukua 33 kwa 72 akapata asilimia 46, akatoa moja kwa nyingine. Hizo mbili hazitoani. KCPE, iliyofanywa tangu 1985 hadi 2023, miaka yake ya mwisho ilikuwa inajumlisha alama za masomo matano, kila somo alama 100. KJSEA ina masomo tisa, na kinachojumlishwa ni pointi, 1 hadi 8 kwa kila somo kulingana na kiwango cha ufaulu, si alama. Mtoto aliyepata alama 41 na aliyepata 57 wote wanapewa pointi 5. Aliyepata 58 anapewa 6, naye yuko kundi moja na wa 74. Kwa hiyo pointi 33 haziwezi kugeuzwa asilimia zikalinganishwa na KCPE. Isitoshe, KCPE ilifanywa na watoto wa darasa la nane, na hii imefanywa na watoto wa Gredi ya 9 waliosoma mtaala mwingine kabisa.

Sisemi kwamba 33 ni nzuri. Ukiigawanya kwa masomo tisa unapata 3.7 kwa somo, yaani mtoto wa kawaida pale yuko kwenye kiwango cha kukaribia matarajio, mahali kati ya alama 21 na 40. Hilo linahitaji kushughulikiwa. Ila halikuambii kama shule inapanda au inashuka, kwa sababu KJSEA yenyewe ndiyo kwanza imefanywa mara moja.

Jambo la pili ni idadi. Watoto 14 ni wachache mno kubeba hukumu ya shule nzima. Tuseme pointi za mtoto mmoja mmoja hutofautiana na wastani kwa takriban 12 hivi, juu au chini, jambo ambalo si la ajabu. Kwa darasa la watoto 14, wastani unaweza kupanda au kushuka pointi tatu kwa bahati tu: mmoja aliugua malaria wiki ya mtihani, wawili ni werevu wa kuzaliwa, mwaka unaofuata hakuna. Kwa shule yenye watahiniwa 140, bahati hiyo hiyo inasogeza wastani kwa pointi moja tu. Ndiyo maana shule ndogo huonekana kuruka na kuanguka kila mwaka ilhali walimu ni wale wale na ubao ni ule ule. Hili halipo Kenya pekee. Watafiti wawili Wamarekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walilionyesha mwaka 2002 kwa matokeo ya shule za jimbo la North Carolina: shule ndogo ndizo zilizokuwa rahisi kuonekana zimepiga hatua kubwa mwaka huu, na hizo hizo ndizo zilizokuwa rahisi kuporomoka mwaka unaofuata. Wanakijiji wetu husema mwalimu mkuu mpya ana mkono mzuri, au ana mkosi.

Jambo la tatu ni wale watatu walioenda akademi. Watoto 14 wakiwa na wastani wa 33, jumla yao ni pointi 462. Tuseme wale watatu wangebaki na kila mmoja apate 50. Jumla ingekuwa 612 kwa watoto 17, wastani 36. Pointi tatu nzima zilipanda basi la akademi zikaenda sokoni, bila hata mtoto mmoja wa shule yenu kusoma vibaya kuliko jana. Na huko akademi wastani umepanda, wakaandika kwenye bango lao. Wanaohama shule kama hii si watoto wowote tu. Kwa kawaida ni wale ambao mzazi ana mshahara, au ana mtu mjini, au ameshaona mtoto ana kichwa na hataki kubahatisha. Kila mmoja wao akiondoka anawapa waliobaki sababu ya kuondoka. Wewe mwenyewe unanijia na swali hili kwa sababu wale watatu waliondoka.

Niongeze kwamba darasa lililofanya KJSEA ya kwanza lilipita njia mbovu kuliko atakayopita binti yako. Waliingia Gredi ya 7 mapema 2023, mwezi mmoja au miwili baada ya serikali kukubali pendekezo la jopo la Profesa Raphael Munavu kwamba sekondari msingi ikae ndani ya shule za msingi. Shule za msingi kote nchini zikawa na sekondari msingi kwa mkupuo, nyingi zikiwa na mwalimu mmoja aliyeajiriwa kwa ajili yake. Wengi wa walimu walioongezwa walikuwa tarajali waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2024, watoto hao wakiwa Gredi ya 8, walimu tarajali waligoma wakitaka ajira ya kudumu. Tarajali 46,000 walithibitishwa kuanzia Januari 2025, mwaka ule ule wa mtihani. Usimpimie binti yako kwa kipimo cha darasa hilo.

Sasa nije kwenye hofu niliyokuahidi.

Sekondari msingi ina masomo tisa, na kila gredi ina takriban vipindi 40 kwa wiki. Gredi tatu ni vipindi 120. Vipindi hivyo havipungui kwa kuwa watoto ni wanane badala ya 40. Gredi ya 7 yenye watoto wanane inahitaji kipindi chake cha Hisabati sawasawa na ile ya mjini yenye 70. Walimu, kwa upande mwingine, hufuata idadi ya watoto, na shule ndogo mara nyingi hukaa mkiani mwa foleni. Hukunitajia walimu wenu ni wangapi. Tuchukue watatu, maana ndivyo ninavyokuta mara nyingi kwenye shule za ukubwa huo. Vipindi 120 kwa watatu ni 40 kwa kila mmoja, yaani anaingia darasani Jumatatu asubuhi na kutoka Ijumaa jioni bila kipindi hata kimoja cha kuandaa somo wala kusahihisha. Hakuna anayeweza. Kinachofuata ni kuunganisha gredi mbili, au kuwaachia watoto kazi ubaoni, au somo kufa kimyakimya.

Ukiacha wingi wa vipindi, kuna suala la taaluma. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili. Watatu, hata wasiporudiana, wanashika sita kati ya tisa. Mara nyingi wanarudiana: wawili wa Kiswahili na Dini, mmoja wa Jiografia na Biashara. Hapo Hisabati anapewa aliye kijana kuliko wenzake, kwa imani kwamba bado anaikumbuka. Nimekaa nyuma ya madarasa ya namna hiyo nikimtazama mwalimu mwenye bidii kweli akisoma kitabu cha sayansi kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu hana cha kuongeza. Watoto walikuwa wametulia na wanaandika. Mkaguzi mvivu angewapa alama nzuri.

Na gharama yake haingoji Gredi ya 9. Mtoto anapopangiwa sekondari pevu, ya Gredi ya 10 hadi ya 12, KJSEA inachangia asilimia 60 tu. Asilimia 20 ni ile KPSEA aliyofanya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Binti yako tayari anachuma au anapoteza sehemu hiyo muhula huu. Tangu Januari 2026 Gredi ya 10 ina mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Mtoto asiyefundishwa Hisabati kwa miaka mitatu anakuwa ameshachaguliwa mkondo na uhaba wa mwalimu, hata kama moyo wake uko kwenye uhandisi.

Fedha nitazipitia haraka. Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mtoto wa sekondari msingi. Watoto 31 ni shilingi 466,302. Shule yenye watoto 200 ni 3,008,400. Bawabu, umeme na vifaa vya majaribio ya sayansi haviulizi una watoto wangapi. Pesa zenyewe huja kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu, na kuchelewa si habari mpya kwa mwalimu mkuu yeyote. Kwa hiyo ukisikia bodi ya shule inaomba wazazi wachangie mshahara wa mwalimu mmoja, usikimbilie kusema wamekula.

Kwa nini watoto wamepungua? Akademi na kuhamia mjini ni sehemu tu ya sababu. Wanawake wa Kenya wanazaa wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2003 ulikuta wastani wa watoto 4.9 kwa mwanamke; ule wa 2022 ukakuta 3.4. Vijijini bado ni wengi kuliko mjini, lakini hata huko wamepungua, na vijana wanaozaa wanazalia Athi River, Kitengela na hapo kwenu Pipeline. Nyanya mmoja alikuwa analeta shuleni wajukuu sita, leo ana wawili. Hilo mwalimu mkuu hawezi kulirekebisha hata akipaka shule rangi.

Ndiyo maana nakushauri, ukienda nyumbani, usiulize Gredi ya 9 ina wangapi. Uliza Gredi ya 1 na chekechea. Gredi ya 1 ya mwaka huu, 2026, ndiyo Gredi ya 7 ya 2032. Kama Gredi ya 1 ina watoto 20, akademi ndiyo inayonyonya madarasa ya juu na shule ina pa kushikia. Kama ina sita, fununu za kuunganishwa si fununu tena.

Nenda siku ya kazi, si Desemba. Omba kuona ratiba yenye majina ya walimu, kisha uulize kila mmoja alisomea nini chuoni. Mwalimu mkuu mzuri hataudhika. Wa sekondari msingi anayajua matatizo haya kuliko mimi. Kisha kaa na binti yako jioni mfungue daftari zake za Hisabati, Sayansi Jumuishi na masomo ya awali ya kiufundi. Tazama tarehe. Daftari lenye kazi mbili au tatu kwa wiki zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu linakwambia kuna mwalimu. Daftari linaloruka kutoka tarehe 3 hadi tarehe 26 linakwambia lililo wazi, hata kama kila mtu pale ofisini anatabasamu. Muulize pia, bila kumhoji kama polisi, ni somo gani hukaa bila mwalimu. Watoto wa Gredi ya 7 husema.

Ukikuta Hisabati na Sayansi zina walimu waliosomea masomo hayo na wanaingia darasani, mwache huko. Darasa la watoto wanane ambalo mwalimu anajua nani alilala njaa na nani hajui kugawanya sehemu hulipati Nairobi hata kwa karo. Shule za umma za Embakasi zimejaa. Akiketi wa 60 au 70, mwalimu atalijua jina lake muhula ukielekea kwisha. Shule za watu binafsi za mitaani zinatofautiana mno: nyingine zina walimu wazuri kuliko za umma, nyingine ni mabati na bango. Wewe unatoka kazini saa ngapi? Kati ya saa tisa alasiri na saa mbili usiku, msichana wa miaka 12 au 13 atakuwa na nani katika jumba la ghorofa saba? Nyanya yake anajibu swali hilo bila malipo.

Ukikuta Hisabati haina mwalimu, usimkimbizie Nairobi kwanza. Tazama shule ya umma ya jirani ambayo anaweza kwenda kwa miguu, uikague vile vile. Ikiwa nayo haina, au njia ni mbaya, ndipo Nairobi inakuwa jawabu halali, na uanze kuuliza nafasi mapema, maana Januari hapa mjini ni vurugu.

Kuhusu kuunganishwa, nitasema ninavyoona, na najua si wazazi wote watanipenda. Naunga mkono kuunganisha sekondari msingi peke yake, na kuwaacha wadogo wa Gredi ya 1 hadi ya 6 pale walipo. Tuendelee kudhani shule yako ina walimu watatu. Tuseme jirani ana watatu. Wakiwa pamoja ni sita kwa vipindi vile vile 120, yaani 20 kwa kila mmoja. Sasa mwalimu anaweza kupumua, na masomo 12 waliyosomea kwa jumla yana nafasi nzuri ya kufunika yale tisa. Darasa la watoto wanane likichanganywa na la 12 linakuwa na 20, ambalo bado ni dogo. Faida hiyo haipatikani kwa kuongeza matofali.

Lakini uliza njia ikoje. Kilomita nne za tambarare na kilomita nne za kuvuka korongo linalojaa Novemba si kitu kimoja, na msichana anayerudi saa kumi na mbili jioni peke yake atakoma kwenda shule kabla hajashindwa mtihani. Kama njia haipitiki, kuna la kati: shule mbili zigawane walimu, wa Hisabati awe kwenu Jumatatu hadi Jumatano na kwa jirani siku zilizobaki, na majaribio ya sayansi yafanywe kwenye maabara ya sekondari iliyo karibu. Hilo linahitaji walimu wakuu wawili wanaosalimiana na mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo asiyelala. Wazazi wa bodi wakilipeleka kwa maandishi kabla uamuzi haujafanywa, husikilizwa. Wakilipeleka baada ya tangazo, wanaitwa wapinzani wa maendeleo.

Hatimaye, ukiamua kumhamisha, mhamishe baada ya Gredi ya 7 kwisha, si katikati ya muhula. Kabla hajaondoka, hakikisha mambo mawili kwa macho yako, si kwa kuambiwa. La kwanza, tathmini zake za mwaka huu zimeshaingizwa kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani, chini ya nambari yake ya tathmini. La pili, shule ya zamani imemwachilia kwenye KEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi uliochukua nafasi ya NEMIS, ili shule mpya imsajili na mgao wake umfuate. Piga picha ya alama hizo kwa simu, na uchukue nakala ya nambari yake yenye muhuri wa shule. Walimu wa sekondari msingi huhamishwa mara kwa mara, na kumtafuta aliyezijaza alama hizo ukiwa Pipeline, wakati yeye keshapelekwa Turkana, ni kazi inayokula siku zako za likizo zote.